Ruzuku inakuwa mali yako siku gani?



Juma lililopita nilitembelewa nyumbani na mama mmoja wa Pongwe, jirani yetu wa zamani, ambaye sisi tuliokua karibu naye tumezoea kumwita Shangazi. Alikuja na mkoba wa ukili, na ndani ya mkoba huo mlikuwa na mkataba, barua, stakabadhi za kituo cha kukusanyia maziwa, na daftari la mwanawe. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hata chai haijamiminwa akanieleza lililomleta. "Mwanangu," alisema, "nataka kumrudisha ng'ombe."

Nilishtuka. Mtu wa Tanga anayerudisha ng'ombe wa maziwa ni kama mvuvi anayerudisha ngalawa. Nikamwomba anieleze tangu mwanzo.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, kikundi chao cha wafugaji kilimkabidhi mtamba mwenye mimba kwa mtindo wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Majuma machache baadaye, mradi mmoja ukamwandikia barua kwamba amekubaliwa kupewa ruzuku ya shilingi milioni 3 ili ajenge banda la kisasa. Nusu ya fedha hizo alizipokea mwezi wa Desemba. Nusu ya pili aliahidiwa mwezi wa Machi, banda likishakaguliwa. Mwanawe, kijana anayefanya kazi mjini na ambaye ndiye humwekea hesabu, akaketi na daftari mwishoni mwa mwaka. Mauzo ya maziwa na ya genge lake yalikuwa shilingi milioni 3.2. Akaongeza mtamba, ambaye bei yake sokoni aliikadiria kuwa milioni 2. Akaongeza ruzuku yote, milioni 3. Jumla ikawa milioni 8.2. Kisha akamwambia mama yake: "Mama, mwaka huu unadaiwa kodi."

Shangazi hajapata kudaiwa kodi ya mapato maisha yake yote. Mauzo yake ya kila mwaka huwa chini ya shilingi milioni 4, na mfanyabiashara mdogo wa kiwango hicho hatozwi. Sasa ghafla anaambiwa anadaiwa kwa sababu amepewa msaada. Kwa akili yake akaona dawa ni kuurudisha msaada wenyewe.

Wasikilizaji wapenzi, kisa hiki si cha Shangazi peke yake. Wako wengi wanaonisikiliza hivi sasa, wakiwa Ngamiani, Chumbageni au Makorora, ambao wana ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, au shamba la michungwa Muheza, au minazi Pangani, au mama mzazi Mkinga anayelima mwani. Wako pia wanaowatunzia hesabu wazazi wao, kama kijana yule. Kwa hiyo leo ningependa tujiulize swali moja tu: ruzuku anayopewa mkulima inakuwa kipato chake siku gani? Je, ni siku anapoandikiwa barua? Ni siku anapoipokea? Au ni siku anapokuwa ametimiza masharti yake, hata asiwepo mtu wa kuja kuidai tena?

Kwanza tumtendee haki kijana yule. Hakuwa mjinga, wala hakuwa na nia mbaya kwa mama yake. Aliisoma sheria, na sheria kweli inayo maneno ya kumtia mtu hofu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, katika kifungu cha 8, inapoeleza mambo yanayoingia katika kipato cha biashara, inataja pia zawadi na malipo ya hisani ambayo mtu anayapokea kwa sababu ya biashara yake. Ufugaji wa kuuza maziwa ni biashara. Kwa hiyo asemaye kwamba msaada hauwezi kamwe kuwa kipato anajidanganya. Aidha, sheria hiyo haijali kama umepewa noti au umepewa kitu. Ukipewa kitu, thamani yake ni bei ya soko.

Kosa la kijana yule lilikuwa jingine. Alisoma kwamba zawadi ni kipato, lakini hakuuliza ni lini, wala hakuuliza kama kila alichopewa mama yake kilikuwa zawadi.

Tuanze na hilo la lini. Katika mambo ya hesabu ziko njia mbili za kuhesabu kipato. Njia ya kwanza ni ya fedha mkononi: fedha ikikufikia, au ikiwekwa tayari mahali ambapo ni wewe tu wa kwenda kuichukua, hapo ndipo umepata. Njia ya pili ni ya haki: siku ile unapokuwa na haki kamili ya kulipwa, umepata, hata kama fedha yenyewe itakuja baada ya miezi mitatu au itakuja kwa mafungu. Sheria yetu inazilazimisha kampuni kutumia njia ya pili. Mtu binafsi mwenye biashara yake anaruhusiwa kuchagua moja kati ya hizo mbili, lakini akishachagua hana ruhusa ya kurukaruka kila mwaka kufuata ile inayompendeza.

Tofauti hii si ndogo, kwa sababu mwaka wa kodi wa mtu binafsi unakwisha tarehe 31 Desemba. Na sisi watu wa pwani hii ya kaskazini tunajua kwamba Desemba haimalizi kitu shambani. Mahindi ya vuli yaliyopandwa mwezi wa Oktoba bado yamesimama, na masika tunayasubiri mwezi wa Machi. Kalenda ya kodi inakata msimu katikati, kama mtu anayefunga duka wakati wateja wamo ndani. Fedha ya ruzuku iliyoingia tarehe 20 Desemba inaangukia mwaka mmoja, na ile iliyoingia tarehe 5 Januari inaangukia mwaka mwingine. Siku kumi na sita tu, lakini kwa mkulima mdogo zinaweza kuamua kama atatozwa au hatatozwa.

Sasa turudi kwa Shangazi. Yeye ni mtu binafsi, na siku zote amehesabu kwa njia ya fedha mkononi: maziwa yakilipwa, anaandika. Nusu ya pili ya ruzuku, yaani shilingi milioni 1.5, haikuwa imemfikia Desemba. Zaidi ya hayo, hata haki ya kuidai hakuwa nayo, kwa kuwa banda lilikuwa halijakaguliwa. Kwa njia yoyote utakayotumia, fedha hiyo haikuwa kipato cha mwaka jana. Kijana alihesabu ahadi kama kwamba ni fedha. Tukiiondoa, jumla inashuka kutoka milioni 8.2 hadi milioni 6.7.

Linafuata suala la ng'ombe, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu ya leo.

Mkoa wa Tanga una historia ndefu na ng'ombe wa maziwa wa wafugaji wadogo. Mwaka 1985 ulianza hapa mpango wa kuendeleza ufugaji huo, kwa msaada wa serikali ya Uholanzi. Mwaka 1993 wafugaji wakaunganisha vyama vyao vya msingi katika chama kikuu cha ushirika, TDCU, na miaka michache baadaye likazaliwa jina la Tanga Fresh, ambalo leo linajulikana na kila mnywa mtindi kutoka hapa hadi Dar es Salaam. Mkoa uliojengwa na mkonge wa makampuni makubwa, yenye makarani na wahasibu, ukapata zao jipya linaloendeshwa na akina mama na wazee wenye ng'ombe mmoja au wawili bandani, wasio na karani wala mhasibu.

Mtindo wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe unaufahamu kila mfugaji. Unapewa mtamba, mara nyingi akiwa na mimba. Unamtunza, unamkatia majani, unamnunulia pumba na mashudu, unamwita mtaalamu wa mifugo anapougua. Akizaa ndama jike, ndama huyo si wako. Unamlea mpaka afikie umri uliotajwa katika mkataba, kisha unamkabidhi kwa mwanakikundi mwingine anayesubiri zamu yake. Akizaa dume, unasubiri mzao mwingine. Na katika mikataba mingi ya namna hii, mpaka utakapotimiza deni hilo, ng'ombe aliyemo bandani mwako ni amana. Huruhusiwi kumuuza, huruhusiwi kumchinja kwa arusi ya binti yako, na ukimtesa kwa njaa kikundi kinaweza kuja kumchukua.

Nikamwomba Shangazi anisomee mkataba wake. Ndivyo ulivyokuwa, neno kwa neno: mtamba ni mali ya kikundi hadi ndama jike wa kwanza atakapokabidhiwa.

Basi nakuulizeni, wasikilizaji: kitu usichoweza kukiuza, ambacho mwenyewe yuko na anaweza kuja kukichukua, na ambacho unatakiwa kukilipia kwa ndama, kitu hicho umepewa zawadi? Kwa maoni yangu, hapana. Hiyo ni kopo, na jina lenyewe limesema hivyo. Mtu akikopa shilingi milioni 2 benki, hakuna anayesema amepata kipato cha milioni 2, kwa sababu upande wa pili wa daftari liko deni la kiasi hicho hicho. Na siku Shangazi atakapomkabidhi ndama kwa mwenziwe, ng'ombe atakuwa wake, lakini hata siku hiyo hatakuwa amempata bure. Atakuwa amemlipa. Kipato chake halali ni maziwa anayoyauza kila siku, na hayo ameyaandika tangu mwanzo.

Wahasibu wa dunia nao wamekutana na swali hili. Iko kanuni ya kimataifa ya hesabu za kilimo, ambayo ni ya 41 katika orodha yao, na ilianza kutumika mwaka 2003. Inapozungumzia ruzuku ya serikali kwa mifugo na mimea ambayo thamani yake hupimwa kwa bei ya soko, kanuni hiyo inatenga mambo mawili. Ruzuku isiyo na sharti inaingia katika mapato pale unapokuwa na haki ya kuipata. Ruzuku yenye sharti inangoja mpaka sharti litimie. Mfano wanaoutoa ni wa mkulima anayepewa fedha ili alime mahali fulani kwa miaka mitano, na akiondoka mapema azirudishe zote. Fedha hizo, wanasema, si mapato mpaka miaka mitano ipite. Hapa Tanzania, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilizikubali kanuni za kimataifa tangu mwaka 2004. Bila shaka kanuni ya wahasibu si sheria ya kodi, na penye tofauti sheria ndiyo inayoshinda. Lakini hekima yake ni ile ile ya kikundi cha Pongwe.

Tukimwondoa ng'ombe katika daftari la kijana, jumla inashuka tena, kutoka milioni 6.7 hadi milioni 4.7.

Inabaki ile nusu ya kwanza ya ruzuku, shilingi milioni 1.5 iliyopokelewa Desemba. Hapo nilimwambia Shangazi ukweli, ingawa haukumpendeza. Fedha hiyo aliishika mkononi, haimtaki alipe chochote, na alipewa kwa ajili ya biashara yake. Kwa mtu anayehesabu kwa fedha mkononi, hiyo ni ya mwaka jana. Kama ingetokea baadaye banda likakataliwa na akaamriwa kuirudisha, sheria inampa nafasi ya kurekebisha hesabu katika mwaka anaporudisha. Lakini asiifiche.

Tofauti yake kwa shilingi ni hii. Kwa viwango vya wafanyabiashara wadogo vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, anayetunza kumbukumbu na ambaye mauzo yake yako kati ya milioni 4 na milioni 7 hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Akipita milioni 7 hadi milioni 11, hulipa shilingi 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kwa hesabu ya kijana, Shangazi angelipa shilingi 126,000. Tukiondoa ahadi, 81,000. Tukimwondoa na ng'ombe wa amana, 21,000. Na asingekuwa na kumbukumbu zozote, mtu wa mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 angetozwa 100,000 bila maelezo, na aliyepita milioni 7 angetozwa 250,000. Mkoba ule wa ukili, pamoja na stakabadhi zake zilizokunjamana, umemwokolea fedha nyingi kuliko alivyodhani.

Wapo watakaoniuliza: na ruzuku ya mbolea je? Hili ni tofauti kidogo. Katika msimu wa 2022/23, serikali ilipoanza mpango wa mbolea ya ruzuku, mkulima aliyejiandikisha alinunua mfuko wa urea wa kilo 50 kwa shilingi 70,000, wakati bei ya soko ilikuwa imepita 120,000. Mkulima hakushika hata senti ya serikali. Fidia ilikwenda kwa wafanyabiashara wa mbolea, naye akaona tu bei imepungua. Je, zile 50,000 na zaidi alizopunguziwa aziandike kuwa kipato?

Jibu ni kwamba zinajiandika zenyewe. Mwenye kutengeneza hesabu kamili za faida na hasara ataandika gharama ya 70,000, kwa sababu ndiyo aliyolipa. Gharama ikiwa ndogo faida inakuwa kubwa, na kodi ya faida hiyo inakuja anapouza mazao. Akiandika gharama 70,000 na papo hapo akaandika kipato cha 50,000, atakuwa amemchinja ng'ombe mmoja mara mbili. Na akiandika gharama ya 120,000 ambayo hakuilipa, bila kuandika punguzo, atakuwa anadanganya. Ama yule anayetozwa kwa mauzo, kama Shangazi, hapunguziwi gharama yoyote. Kwake punguzo la bei dukani si mauzo, na halina nafasi katika daftari la mauzo.

Hali kadhalika mkulima wa mwani anayepewa kamba na mnunuzi kwa sharti la kumuuzia yeye peke yake. Mara nyingi kamba hizo amezilipia tayari, kwa kukubali bei aliyopangiwa. Kabla hajaziita msaada, na ajiulize anauza kilo kwa bei gani na jirani asiyepewa kamba anauza kwa bei gani.

Msidhani mambo haya yanatusumbua sisi tu. Huko Marekani, mkulima anayehesabu kwa fedha mkononi, akilipwa bima kwa mazao yaliyoharibika, anaruhusiwa kuomba malipo hayo yahesabiwe katika mwaka unaofuata, mradi aonyeshe kwamba kwa desturi yake mazao hayo angeyauza mwaka huo unaofuata. Yaani hata taifa lenye kompyuta katika kila ofisi limekubali kwamba msimu wa mkulima na kalenda ya mtoza kodi havitembei pamoja, na likaweka mlango. Sisi wa vuli na masika tungekuwa na sababu nzuri zaidi ya kuuomba mlango kama huo.

Nina maombi matatu, kisha niwaage.

La kwanza ni kwa wanaotoa misaada, wawe miradi, vikundi au halmashauri. Mnapomwandikia mkulima barua, andikeni kwa Kiswahili kinachosomeka: hii ni zawadi au ni kopo, mali ni ya nani mpaka lini, sharti ni lipi, na nani atakayethibitisha kwamba limetimia. Mistari minne tu, na mistari hiyo inaweza kumwepusha mama mzima na usiku wa kutolala.

La pili ni kwa Mamlaka ya Mapato. Elimu ya mlipa kodi imeshafika madukani na viwandani. Sasa ifike kwenye vituo vya maziwa asubuhi, wakati wafugaji wamepanga foleni na madumu yao. Mkulima haogopi kulipa 21,000 anazozielewa. Anaogopa deni asilolijua limetoka wapi, na mwenye hofu hiyo ama hukimbia daftari, ama hurudisha ng'ombe.

La tatu ni kwetu sisi wa mjini tunaojifanya tunajua. Tusiwatishe wazazi wetu kwa sheria tuliyoisoma nusu. Tukae nao, tuandike tarehe tatu kwa kila msaada: tarehe ya barua, tarehe ya kupokea, na tarehe ya kutimiza sharti. Mwenye tarehe hizo tatu ana la kujibu mbele ya afisa yeyote. Na kwa kuwa Bunge hupitisha Sheria ya Fedha mpya kila mwaka, viwango hubadilika. Kabla ya kulipa, ulizeni vya mwaka husika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nitaongeza dogo: na daftari bila tarehe humpoteza mwenye mali.

Shangazi alikunywa chai yake, akafunga mkoba wake, akasema anawahi kukamua jioni. Ng'ombe harudishwi. Ila aliniomba niseme neno moja hapa redioni kwa niaba ya mwanakikundi anayesubiri zamu: huyo ndama asiwe na haraka naye, kwa maana ng'ombe mwenyewe bado hajazaa.

Kwaherini, na juma jema.